Kofia ya Utu Uzima

(Maneno ya hotuba iliyosomwa barazani mbele ya wazee, akina mama na vijana.)



Leo sikuja kuwaeleza habari za mbegu wala za chanjo ya ng'ombe. Nimekuja kusema habari za kofia, na hasa kofia ya mtu aliyekaa kichwa wazi mpaka miaka hamsini au sitini, kisha akaanza kuivaa. Watu wengi wakimwona mtu wa namna hiyo husema kwamba anaficha upara, au anajitafutia ukubwa. Mimi nasema kwamba amefanya jambo la busara, na pamoja na busara hiyo amejipatia furaha ambayo ujana haukumpa.

Kwanza tufikiri juu ya jua. Nchi yetu imekatwa na mstari wa Ikweta, na kwa hiyo jua hutupiga utosini karibu mwaka mzima. Tena wengi wetu twakaa mahali pa juu. Nairobi ni zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na Eldoret ni zaidi ya mita 2,000. Wataalamu wamepima wakaona kwamba kila upandapo mita 1,000, ile miale isiyoonekana iunguzayo ngozi huongezeka kwa karibu sehemu 10 katika 100. Basi mtu wa Limuru asidanganywe na baridi. Ubaridi wa hewa si ubaridi wa jua.

Ni kweli kwamba ngozi nyeusi ni kinga kubwa, lakini si kinga kamili. Nywele nazo hukinga kichwa, lakini zikisha kupunguka, utosi hubaki kama shamba lisilo na mti hata mmoja. Macho pia huumia. Mtoto wa jicho, ambao huwapofusha wazee wengi, una sababu nyingi, na moja katika hizo ni miale ya jua iliyoingia machoni kwa miaka mingi. Kofia yenye ukingo mpana yaweza kupunguza miale hiyo kwa karibu nusu. Na wale ndugu zetu wenye ualbino, ambao ngozi yao haina ile rangi ya kukinga, wasingoje utu uzima hata kidogo. Kwao kofia ni kinga dhidi ya kansa ya ngozi, na yafaa waanze kuivaa tangu utotoni.

Nitawapeni mfano wa baba yangu mdogo. Katika ujana wake alikuwa mlinzi wa lango, na kwa miaka mingi alilazimishwa kuvaa kofia ya kazi, nzito na yenye kubana, ambayo hakuichagua. Akiisahau, alikatwa mshahara. Siku alipoacha kazi hiyo aliirudisha, akasema kwamba hatavaa kofia nyingine mpaka kufa kwake. Akalima mahindi kichwa wazi kwa muda mrefu. Alipopita miaka sitini, kikatokea kidonda kidogo utosini, kikawa kikikauka na kufumuka tena. Daktari akakiondoa mapema kabla hakijawa ugonjwa mkubwa, akamwambia, "Mzee, tangu leo usitoke bila kofia."

Mzee alisikitika sana, kama mtu aliyerudishwa langoni. Akaenda sokoni kwa shingo upande. Lakini huko aliona kofia za namna nyingi, wala hapakuwa na mtu wa kumwambia aichukue ile au hii. Akazijaribu moja moja, akacheka mwenyewe mbele ya kioo cha mwuzaji, mwisho akachagua kofia pana ya ukili. Wajukuu walimcheka siku mbili. Siku ya tatu walikuwa wakigombea kumletea kofia yake kila atokapo. Leo anazo nne, na kila moja ina siku yake.

Hapo ndipo nilipofahamu jambo hili: kofia ya ujanani mtu huvikwa na wengine, lakini kofia ya uzeeni huichagua mwenyewe. Mwanafunzi huvikwa na shule, na askari huvikwa na serikali. Zamani za ukoloni askari wa K.A.R. walivaa tarbushi kwa amri. Lakini mtu mzima aliyemaliza kutumikia hakuna ampaye amri juu ya kichwa chake. Hata Mzee Jomo Kenyatta, nchi ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, alikuwa amekwisha kupita miaka sitini. Hata leo watu wengi wakimkumbuka humwona akilini na kofia yake ya shanga na mgwisho wake. Jaramogi Oginga Odinga naye alijulikana kwa kofia ya shanga, ambayo Wajaluo huiita ogut tigo. Kofia hizo zilitangaza heshima pasipo maneno.

Na sisi hatuna upungufu wa kofia nzuri. Kule Lamu, akina mama na mafundi wengine hushona kofia za vito. Katika kitambaa hutoboa vitundu vidogo vidogo, na kila kitundu hukizungushia uzi kwa sindano. Kofia moja yaweza kuchukua miezi. Vitundu hivyo ni pambo, na tena hupitisha hewa kichwani. Watu wa Oman nao wana kofia yao iitwayo kumma, ifananayo sana na hizi zetu, kwa sababu ya ujirani wa zamani wa bahari. Lakini kofia hiyo haina ukingo, na kwa hiyo haikingi masikio wala shingo. Ivae msikitini na arusini, na shambani uvae pana.

Sasa namna ya kuchagua. Chukua uzi, uuzungushe kichwani juu kidogo ya nyusi na masikio, kisha uupime. Hicho ndicho kipimo chako. Kofia ikiacha alama nyekundu au maumivu, ni ndogo. Ya jua iwe na ukingo wa sentimita 7 au zaidi kuzunguka pande zote, na hasa uivae tangu saa nne asubuhi mpaka saa kumi alasiri. Wakati wa baridi ya Julai, ya sufu yafaa zaidi. Ukinunua ya mitumba pale Gikomba au penginepo, ifue kwanza, uianike juani. Akina mama, maneno haya ni yenu pia. Kilemba ni kizuri, lakini chaweza kuvaliwa chini ya kofia pana wakati wa kupalilia.

Neno langu la mwisho ni kwa vijana. Waswahili husema kwamba kumsifu mtu kwa uongo ni kumvika kilemba cha ukoka. Msiwavike wazee wenu ukoka, wala msiwacheke. Mwenye kazi ya mshahara na akiweka akiba ya kofia moja, ampelekee baba yake au mama yake, lakini amchukue sokoni akachague mwenyewe, maana nusu ya furaha iko katika kuchagua. Nanyi wazee, msiseme kwamba siku zimepita. Jua la kesho litachomoza pale pale, na kichwa ni kile kile.