Bibi Akipotea, Atafutwe Kwanza

(Hotuba iliyotolewa kwenye kikao cha vijana wa chama, Sikonge, mkoani Tabora. Tumeiweka kama ilivyosemwa, tumepunguza marudio tu.)

  

Nimepewa dakika ishirini nizungumzie usalama wa raia. Najua mlitegemea nianze na wasiojulikana na zile gari za vioo vyeusi. Nitafika huko, msiwe na haraka. Lakini nataka nianze na mtu ambaye hana kadi ya chama chochote, hana simu, hana akaunti. Ni bibi wa miaka sabini na kitu, anaishi mwisho wa kitongoji, mume alishafariki, watoto wako Tabora mjini au Chunya kwenye dhahabu. Asubuhi ametoka kwenda kuokota kuni, au kama ni masika ameenda uyoga. Jioni haonekani.

Nini kinatokea? Nyie ni wenyeji, mnajua kuliko mimi. Siku ya kwanza tunasema labda amelala kwa mwanawe. Siku ya pili mtu mmoja anapita na kikapu, watu wawili wanaingia porini nusu saa wanarudi. Siku ya tatu hakuna anayetafuta tena, lakini kijiji kizima kinazungumza. Na mazungumzo yenyewe mnayajua. Wa kwanza anasema bibi alikuwa na mambo yake, pengine ungo umemwangusha huko. Wa pili anasema hapana, huyu hajafa, amechukuliwa msukule, analimishwa usiku kwenye tumbaku ya fulani, ndiyo maana fulani mwaka huu tumbaku yake imekubali na yenu imeungua. Wa tatu anashusha sauti: mwaka wa uchaguzi huu, watu wanatafuta viungo. Wa nne anamtazama mtoto wa marehemu kaka yake, maana lile shamba la bibi liko barabarani.

Hebu angalieni hapo. Kila mmoja amepata mtu wa kumnyooshea kidole: jirani, mkulima aliyefanikiwa, mgombea, mpwa. Na bibi mwenyewe yuko wapi? Hakuna aliyeuliza. Inawezekana yuko kilomita nne kutoka hapa, amekaa chini ya mti, mguu umeteguka, anasikia kiu.

Sasa mtu ataniambia, kamanda, hayo ni maneno tu ya kijiweni, yanaua nani? Yanaua. Hatuhitaji kwenda mbali, tubaki mkoa huu huu. Julai 2017, wilaya ya Nzega, kata ya Uchama, kijiji cha Undomo, wanawake watano waliuawa na miili yao ikachomwa moto kwa tuhuma za uchawi. Watano, kijiji kimoja. Miaka mitatu kabla yake, Oktoba 2014, kule Murufiti, Kasulu, jirani zetu wa Kigoma, watu saba waliuawa, wengine wakachomwa ndani ya nyumba zao, kwa tuhuma hizo hizo. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilihesabu kwamba mwaka 2013 peke yake watu 765 waliuawa nchini kwa imani za kishirikina, na kati yao 505 walikuwa wanawake. Na si jambo la jana. Hesabu ya miaka ya 1970 hadi 1984 inaonyesha zaidi ya watu 3,600 waliuawa kwa tuhuma za uchawi Tanzania Bara, zaidi ya 2,200 wakiwa wanawake. Hiyo ni vita, jamani. Ingekuwa nchi jirani imetuulia watu 3,600 tungekuwa na mnara Dodoma.

Mauaji ya namna hii hayaanzi na panga. Yanaanza na swali ambalo halikupata jibu. Mtoto amefariki, kwa nini? Ng'ombe wamekufa, kwa nini? Bibi hajarudi, yuko wapi? Serikali haijibu, zahanati haijibu, kituo cha polisi hakijibu. Basi anakuja mwenye jibu: mpiga ramli. Wengine huku mnawaita lambalamba. Anapokelewa, anachangiwa pesa nyumba kwa nyumba, tena mara nyingine uongozi wa kijiji unajua. Anapiga ramli yake chonganishi, anataja jina au anaonyesha upande wa nyumba. Kisha anapanda pikipiki anaondoka. Aliyetajwa anabaki. Na nani anayetajwa? Sijawahi kusikia ametajwa mwenyekiti wa halmashauri. Anatajwa bibi mwingine, mwenye macho mekundu. Macho mekundu! Mtu amepika kwa kuni miaka hamsini kwenye jiko lisilo na dirisha, ulitegemea macho yake yawe ya rangi gani?

Kwa hiyo bibi mmoja akipotea na tusimtafute, tumehatarisha na wa pili.

Kuna sheria hapa. Tuna Sheria ya Uchawi, ya tangu mwaka 1928, wakati wa Mwingereza. Chini ya sheria hiyo kumtaja mtu kuwa mchawi ni kosa. Wangapi mlijua? Naona mikono miwili. Lakini sheria hiyo hiyo inampa Mkuu wa Wilaya mamlaka ya kuamuru mtu anayedaiwa kuwa mchawi ahamishwe akaishi mahali fulani. Yaani huku inamlinda bibi, huku inakubali kwamba bibi anaweza kuwa mchawi kweli na serikali ikamhamisha. Watetezi wa haki za binadamu wameipigia kelele miaka mingi. Bado ipo. Bunge lina muda wa kupitisha mambo mengi kwa siku moja, hii haijapata siku yake.

Tuje kwenye kutafuta, maana hapa nataka tuelewane vizuri.

Mzee anayepotea mara nyingi hajatekwa na mtu. Kuna ugonjwa wa uzeeni wa kupoteza kumbukumbu. Tunausema kienyeji "bibi amerudia utoto," tunacheka, tunaendelea. Mtu mwenye ugonjwa huo anaweza kusahau mlango wa nyumba aliyoijenga mwaka juzi, lakini anakumbuka kisima alichochota maji akiwa binti. Anaondoka kwenda huko. Kwa macho yetu amepotea. Kwake yeye anarudi nyumbani.

Sasa fikirieni historia ya Sikonge. Hapa watu wamehamishwa zaidi ya mara moja. Wakati wa mkoloni, kwa ajili ya mbung'o na malale, watu wa pande hizi za Tabora walikusanywa, wakatolewa kwenye makazi yao porini. Halafu ikaja Operesheni Vijiji miaka ya 1970, wakahamishwa tena, wengine kwa malori, nyumba nyuma yao zikibomolewa. Bibi wa miaka 75 leo alikuwa msichana wakati ule. Kijiji chake alichozaliwa hakipo kwenye ramani yoyote ya halmashauri. Kipo porini, ni mahame: miembe michache, makaburi, mawe ya kusagia. Wazee mliopo hapa mnajua mahame yote yako wapi, na mkiondoka nyinyi hakuna kijana atakayejua. Mimi nasema bibi akipotea, swali la kwanza liwe "alizaliwa wapi," na watu waende kule kwanza. Swali la "alikuwa anagombana na nani" linaweza kusubiri.

Na tunao watu wanaojua pori. Warina asali wa Sikonge wanalala msituni wiki nzima, wanajua kila kijito. Wachunga ng'ombe wanajua. Wachoma mkaa wanajua, ingawa hawatakwambia walikokuwa, na tunaelewa kwa nini. Hao ndio wa kupigiwa simu saa ile ile, si siku ya nne. Miaka ya mwanzo ya 1980, kule mipakani mwa Kahama na Nzega, wananchi walianzisha sungusungu kwa sababu walichoka kuibiwa ng'ombe na kusubiri polisi wasiokuja. Ukipigwa mwano, kila mwanamume anatoka na upinde wake. Ng'ombe akiibwa hakuna anayekaa kijiweni kubashiri, wanafuata kwato mpaka usiku. Najua sungusungu hao hao waliwahi kuwageukia vikongwe, wakawafukuza vijijini kwa tuhuma za uchawi, na hilo sitalifunika. Lakini ule mwano wenyewe ni mali yetu. Kama tunaweza kuupiga kwa ajili ya ndama, tushindwe kwa ajili ya mama yetu?

Sasa nafika kwenye lile mlilokuwa mnalisubiri.

Sisi ni chama ambacho watu wetu wanapotea kweli. Ben Saanane tangu Novemba 2016. Mwenzetu Deusdedit Soka, mwenyekiti wa Bavicha Temeke, tangu Agosti 2024. Mzee Ali Kibao alishushwa kwenye basi Septemba 6, 2024, kesho yake mwili wake ukakutwa Ununio. Rais akaagiza uchunguzi. Mmesomewa ripoti? Mimi sijasomewa. Mwaka huo huo Chama cha Wanasheria Tanganyika kilitoa orodha ya majina 83 ya watu waliopotea. Tumelia, tumeandamana, tumepigwa, na hatutaacha kuuliza.

Kwa sababu hiyo hiyo nawaambia vijana wangu jambo ambalo wengine halitawapendeza. Bibi akipotea Tutuo au Kitunda, ndani ya saa moja naona kwenye magrupu ya WhatsApp, na wengine ni nyinyi mlioko hapa: "Wasiojulikana wamefika Sikonge!" Mwingine anaongeza sauti, kwamba mgombea fulani wa kule upande wa pili ameonekana na mganga. Umeona wewe? Hujaona. Umeambiwa na nani? Na grupu lingine. Inaumiza, maana tunaposema Soka amechukuliwa tuna tarehe, tuna watu aliokuwa nao, tuna mawakili waliofika mahakamani. Ukichanganya hayo na uvumi wa bibi wa kuni, siku bibi akipatikana yuko kwa dada yake, wanakucheka, na wanamcheka na Soka. Umewapa watawala kisingizio bure. Halafu hiyo habari ya mgombea na mganga ni ramli ile ile, imepandishwa kwenye simu tu.

Kuna kijana aliniuliza nje hapo: kwa hiyo tunyamaze? Hapana kabisa! Uvumi unaota pale penye ukimya, na ukimya huo ni wa serikali. Kwa hiyo tupige kelele mahali pake. Ndugu wanakwenda kituoni wanaambiwa "kamtafuteni kwanza kwa jamaa zenu." Kijana wa chama aende nao, asimame pale mpaka taarifa iandikwe na namba ya RB itoke, aipige picha. Mtendaji wa kijiji aandikiwe barua, abaki na nakala, nasi tubaki na nakala yenye muhuri wake. Baada ya wiki turudi tuulize: mmetafuta wapi, na nani, siku gani? Hayo ndiyo ya kurusha kwenye mitandao. Tarehe, namba, jina la kituo, na picha ya bibi kama familia imeruhusu. Maneno ya uchawi yasiguse simu yako.

Na tuulize kwa nini bibi wa miaka 75 anaingia porini peke yake kutafuta kuni. Sera ya Taifa ya Wazee iliandikwa mwaka 2003, na wazee wa Bara wamedai sheria ya kuipa meno miaka nenda rudi. Zanzibar, tangu Aprili 2016, kila mwenye miaka 70 na kuendelea anapewa pensheni jamii. Ilianza shilingi 20,000 kwa mwezi. Ni ndogo, ndiyo. Lakini angalieni kilicho ndani yake: kila mwezi kuna ofisa wa serikali anayetakiwa kujua kwamba mzee huyu yupo, yuko hai, anaishi hapa. Huku kwetu bibi anaweza kukosekana mwezi mzima na hakuna daftari hata moja linaloonyesha pengo. Mimi hiyo pensheni naidai kwa ajili ya pesa, na naidai pia kwa ajili ya daftari.

Sitaki tuondoke hapa na makofi tu. Kila tawi lichague vijana wawili. Wiki hii waandike kwenye daftari la kawaida, lile la shilingi mia tano, wazee wote wanaoishi peke yao kwenye kitongoji: jina analoitwa, mahali alipozaliwa, namba ya ndugu wa karibu, na nani anamwona kila siku. Bila kuuliza kadi ya chama. Kama wa CCM, mwandike. Daftari likae tawini, lisipigwe picha wala kurushwa popote. Na namba za warina asali wanne kila kata, katibu anazo mbili za Ipole tayari.

Naona mama kule nyuma amenyoosha mkono muda mrefu, na mzee wa kofia hapa mbele anataka kunisahihisha habari za mahame. Mpeni mama kipaza sauti kwanza.