Marini na Arinoti

Leo twanena habari za Beni, ngoma iliyoanza pwani ya Kenya katika miaka ya 1890 kwa kuiga bendi za askari. Vita vya 1914–1918 vikaieneza mpaka bara.

Katika Tanganyika vyama vyake vikuu vilikuwa viwili, Marini na Arinoti. Miji mbalimbali ilikuwa na Marini yake, yenye wakubwa wake wa vyeo vya kijeshi na mashindano yake na Arinoti wa hapo.

Basi jina moja lilifaa nini? Lilimfaa mgeni. Mtu wa Marini akifika mji asio na jamaa, aliwaendea Marini wa huko, nao humpokea. Na akifa, humzika.