Injili Kabla ya Vitabu Vinne: Mada kwa Makatekista wa Kusini

Kutoka Mikindani hadi Msimbati na mlango wa Ruvuma, Wakristo na Waislamu wanaoana, wanazikana, na wanaulizana maswali ya dini barazani na kwenye mihadhara. Swali moja hurudi kila mara: ikiwa Injili ni kitabu alichoteremshiwa Nabii Isa, mbona Wakristo wana vinne, tena vyenye majina ya watu wengine? Makatekista wengi hukimbilia kuvitetea vile vinne. Nadhani tunaanzia mahali pasipo penyewe. Injili ilihubiriwa kabla hata kimoja cha vitabu hivyo hakijaandikwa, na waliohubiri waliijenga juu ya maandiko ya Israeli, yale tunayoyaita Agano la Kale.

Ushahidi wa zamani kabisa tunao katika sura ya 15 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, ulioandikwa yapata mwaka 55. Injili ya Marko wataalamu wengi huiweka karibu na mwaka 70. Paulo anawakumbusha Wakorintho habari aliyoipokea yeye mwenyewe kabla ya kuwapa wao: Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi zetu, akazikwa, akafufuka siku ya tatu. Katika maneno hayo machache anayataja maandiko mara mbili, na kwake maandiko yalikuwa Torati, Manabii na Zaburi. Luka anatusogeza karibu zaidi. Katika sinagogi la Nazareti Yesu anapewa chuo cha Isaya, anasoma mwanzo wa sura ya 61, na anakoma pale pale kabla ya maneno yanayotaja siku ya kisasi. Ndani ya somo hilo, kama Luka alivyoliandika, umeingia pia mstari kutoka sura ya 58, unaohusu kuwaacha huru walioonewa. Anakifunga chuo, anaketi, anasema andiko limetimia siku hiyo. Kwa Luka, basi, habari njema ni ahadi ya siku nyingi iliyompata mwenyewe.

Kwa nini basi wengi wetu tunaifungulia Biblia kwenye Mathayo? Historia ya misheni imechangia. Askofu Edward Steere alipowafikisha Masasi watumwa walioachwa huru mwaka 1876, wakitoka Unguja kupitia Lindi, Biblia kamili ya Kiswahili haikuwepo. Agano Jipya lilitangulia, na Biblia nzima ikapatikana miaka ya 1890. Siwalaumu wafasiri, huwezi kufanya yote kwa mara moja. Lakini inaniuma kwamba watu waliovijua vifungo vya utumwa miilini mwao ndio waliosubiri kulipata zima lile Agano lenye habari ya kutoka Misri, na mazoea yaliyotokana na mpangilio huo tumeyarithi hadi leo.

Kuna anayesema kwamba mitume waliokota tu aya za kale wakazilazimisha zimhusu Yesu. Pingamizi hili lina uzito. Chuo cha Isaya kilichopatikana Qumran mwaka 1947 kilinakiliwa zaidi ya miaka 100 kabla ya Kristo, na sura ya 53, ile ya mtumishi anayeteswa ambayo Wakristo huisoma kama habari ya Yesu, imo. Hilo linathibitisha kwamba Wakristo hawakuipachika, ila halithibitishi kwamba inamhusu Yesu. Wayahudi wengi humwona mtumishi anayeteswa humo kuwa ni taifa la Israeli. Hata Mwethiopia wa Matendo sura ya 8 aliuliza nabii anamsema nani. Hoja yangu ni nyingine. Kumbukumbu la Torati sura ya 21 inamhesabu aliyetundikwa mtini kuwa amelaaniwa. Mtu anayebuni Masihi kutokana na maandiko hawezi kumchagulia kifo hicho. Tukio ndilo lililowarudisha mitume kwenye maandiko, wakayasoma upya.

Wengine huuliza kwa nini Mmakonde, Mmakua au Myao apitie kwa Ibrahimu, wakati wazee wetu wana mila zao. Askofu Vincent Lucas, wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi iliyoundwa mwaka 1926, aliipa jando sura ya Kikristo, na alifanya vema, maana mafunzo ya wazee kuhusu utu uzima yana hekima nzito. Hata hivyo jando halitoi ahadi ambayo Yesu alisema ametimiza. Paulo, katika Wagalatia sura ya 3, anasema Ibrahimu alihubiriwa habari njema mapema, kwa sababu aliahidiwa baraka kwa mataifa yote. Mataifa hayo ni pamoja na sisi. Tukiiondoa ahadi hiyo, tunabaki wageni katika habari inayotutaja.

Napendekeza darasa la ubatizo lianze na Mwanzo sura ya 12, lipite Kutoka na Isaya, ndipo lifike Mathayo. Na likifika huko, lisiiruke ile orodha ya majina ya sura ya kwanza ambayo wasomaji wetu huiruka: wamo Rahabu wa Yeriko na Ruthu Mmoabu, wanawake wa mataifa mengine.