Damu ya Meru Inasafiri Mno

Kipimo cha ANA, kinachotajwa sana karibu na Siku ya Lupus Duniani, 10 Mei, peke yake hakithibitishi ugonjwa wa lupus. Huonyesha kwamba damu ina kingamwili ambazo, badala ya kupigana na vijidudu, hulenga kiini cha seli za mwili wenyewe. Majimaji ya damu huzimuliwa, hutiwa juu ya seli zilizopakwa kwenye kioo, kisha hutazamwa kwa darubini ya mwanga maalumu. Seli zikiendelea kung'aa hata damu ikizimuliwa mara 80, jibu huandikwa 1:80.

Vigezo vya mwaka 2019 vya vyama vya madaktari wa baridi yabisi vya Ulaya na Marekani huanzia hapo. Lakini hata miongoni mwa watu wenye afya njema, zaidi ya mmoja katika kila kumi anaweza kuwa na ANA ya kiwango hicho. Ndiyo maana hufuata vipimo vya kingamwili dhidi ya DNA na dhidi ya protini iitwayo Sm. Ya Sm hupatikana kwa wagonjwa wachache, ila ikionekana, dalili inaelekea lupus waziwazi. Ya DNA mara nyingi hupanda ugonjwa unapochachamaa, hasa unapogusa figo.

Hapo ndipo damu ya wagonjwa wa Meru, Kenya, inapoanza safari. Vipimo hivi vya pili mara nyingi hufanyiwa Nairobi, na madaktari bingwa wa maradhi haya wengi wako huko huko. Damu inasafiri, jibu linasubiriwa, nauli inatafutwa. Wakati huo msichana wa Kaaga, Meru, mwenye homa isiyokwisha, viungo vilivyovimba na wekundu mashavuni anatibiwa malaria. Homa ikirudi, anapimwa taifodi kwa kipimo cha Widal na kupewa dawa yake. Ikirudi tena, taifodi tena! Katika kila wagonjwa kumi wa lupus, takriban tisa ni wanawake, wengi wakiwa katika umri wa kuzaa, na figo zinaweza kuharibika bila maumivu. Damu inasafiri, figo hazingoji.

Tena si kila kipimo cha figo kinahitaji Nairobi. Kijiti cha kupima protini katika mkojo ni cha bei nafuu, na presha hupimwa hata zahanati. Mgonjwa mwenye dalili hizo akikutwa na protini kwenye mkojo, asirudishwe nyumbani na vidonge vya malaria.

Kaaga ina Chuo Kikuu cha Methodist cha Kenya kinachofundisha udaktari, na mjini Meru ipo hospitali ya rufaa. Walimu wapo, wanafunzi wapo, wagonjwa wapo. Kinachohitajika ni uamuzi wa kuweka darubini ya mwanga maalumu na vifaa vya vile vipimo vya pili, vitendanishi vyake na fundi wa maabara aliyezoea kuvitumia. Serikali ya kaunti iweke fungu hilo kwenye bajeti. Kaunti za Embu na Tharaka-Nithi zishirikiane nayo, maana gharama ya maabara moja ikigawanywa inabebeka. Damu imesafiri vya kutosha!

Na kila mzazi ambaye binti yake ametibiwa malaria au taifodi mara tatu bila nafuu, amrudishe kliniki kesho asubuhi, aombe mkojo upimwe protini, na amuulize daktari kuhusu ANA.