MELI IKISHIKWA, NANI HULIPWA KWANZA?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, Changamwe)



Sisi tukaao Likoni, tunapovuka asubuhi kwenda kazini, pengine huona meli imetia nanga siku nyingi, haipakii wala haipakui. Twaulizana, "Mbona hii haiondoki?" Huenda imeshikwa na korti. Na meli ikishikwa, mabehewa yanayongoja shehena yake hukaa matupu. Kwa hiyo neno hili si la mabaharia peke yao.

Sheria ya bahari ni ya ajabu kidogo. Huku nchi kavu, tajiri asipokulipa unamshtaki yeye. Baharini unaweza kuishtaki meli yenyewe, kana kwamba ni mtu. Hati ya korti hubandikwa melini, na tangu hapo haiondoki mpaka mwenyewe aweke dhamana, au iuzwe. (Sisi wa reli hatuwezi kulishika gari-moshi hivyo!) Kwetu Kenya kazi hiyo ni ya Korti Kuu, nayo hufuata njia ya Korti Kuu ya Uingereza. Meli ikiuzwa, hutolewa kwanza gharama za korti. Mshahara wa mabaharia hulipwa kabla ya benki iliyokopesha kwa rehani ya meli. Aliyeuza mafuta hukaa nyuma. Baharia, mtu mdogo kabisa, yuko mbele ya benki.

Lakini mwenye meli akifilisika, huja korti ya pili. Mfilisi husema: mali yote ya kampuni iko mkononi mwangu, na meli pia, mtu asidai bila ruhusa. Katika sheria ya Kenya ya kufilisika ya mwaka 2015, mshahara unaotangulizwa ni wa miezi 4 tu, tena usizidi shilingi 200,000 kwa mtu mmoja. Mfikirieni baharia aliyekaa mwaka mzima bila senti.

Basi ni kama njia moja ya reli na treni mbili, kila moja imetoka stesheni yake. Nani ana ruhusa ya kupita?

Huko Marekani, katika Philadelphia, meli Royal Saxon ilishikwa kwanza na korti ya jimbo kwa madeni ya kawaida. Mabaharia wakaenda korti ya bahari kudai mshahara wao. Korti zote mbili zikaiuza meli ile ile! Mwaka 1858 Korti Kuu kabisa ya Marekani ikaamua kwamba korti iliyotangulia kushika ndiyo yenye haki. Jaji Mkuu Taney alikataa, akawatetea mabaharia, lakini majaji waliomshinda walikuwa wengi.

Uingereza, katika kesi ya meli Aro ya mwaka 1980, Korti ya Rufani ilisema kwamba mdai aliyekwisha kutoa hati juu ya meli kabla ya kampuni kufilisiwa haondolewi haki yake, hata kama meli haijashikwa. Angaliani hapo ndugu: tarehe ya karatasi ndiyo iliyomwokoa.

Mwisho wa Agosti 2016 kampuni ya Hanjin ya Korea ilikimbilia korti ya Seoul. Meli yake moja, Hanjin Rome, ilikuwa imeshikwa Singapore. Nyingine zikaogopa kuingia bandarini, watu wakabaki baharini na shehena yao, mpaka jaji wa New Jersey alipokataza zisishikwe huko Marekani. Kampuni ikatangazwa imefilisika Februari 2017.

Sasa mabaharia wana Mkataba wa Kazi za Baharini, ambao Kenya iliukubali mwaka 2014. Tangu Januari 2017 mkataba huo wataka mwenye meli awe na bima ya kulipa mshahara hadi miezi 4 akiwatupa watu wake. Ni jambo jema, lakini haliwagusi ndugu zetu wapakiao na kupakua kwa kampuni za nchi kavu. Hao hawana haki ile ya kuing'ang'ania meli kwa mshahara wao. Kampuni yao ikifilisika, mlango wao ni wa mfilisi tu, na mfilisi husoma karatasi, hasikii maneno matupu.

Kwa sababu hiyo twaomba kila mwanachama mwenye ndugu katika kazi hiyo, awe wa Kisauni au Likoni, amwambie alete hati zake za mshahara kwa katibu wa tawi, ziandikwe nakala. Asingoje kampuni ifunge mlango.