Nani Anamulikwa? Sura za Chemsha Bongo katika Televisheni



Chemsha bongo wengi wetu tuliizoea kwa masikio, redioni na kwenye mashindano ya shule. Televisheni ndiyo iliyoipa sura: Zanzibar mwaka 1973, tena kwa rangi, na Tanzania Bara mwaka 1994. Jioni hii nina hoja moja. Mwonekano wa kipindi cha maswali humwelekeza mtazamaji amtukuze nani: mshindani, timu yake, au anayelipa.

Tuanze na kipindi maarufu kuliko vyote, Who Wants to Be a Millionaire?, kilichorushwa Uingereza kwa mara ya kwanza tarehe 4 Septemba 1998. Mbunifu wa jukwaa lake, Andy Walmsley, aliweka viti viwili virefu katikati ya duara, watazamaji wakazunguka pande zote, na sakafu ikamulikwa kutoka chini. Kadiri fedha zinavyopanda, ukumbi huzidi kuingia giza, hadi mshindani anabaki peke yake ndani ya mwanga. Jibu alilolichagua huwa na rangi ya chungwa. Likiwa sahihi, hugeuka kijani. Nchi inayonunua leseni hununua na mpangilio huo. Ndiyo maana aliyetazama toleo la India la Amitabh Bachchan, lililoanza mwaka 2000, kisha akatazama la Uganda lililoongozwa na Alan Kasujja, alijiona yumo katika ukumbi uleule.

Tofauti zimo katika mambo madogo, na hayo ndiyo yanayostahili kuchunguzwa. Katika toleo la Kiarabu la George Kordahi, maandishi huanzia kulia, kwa hiyo jicho la mtazamaji nalo huanza safari yake upande huo. Nchini India zawadi huhesabiwa kwa crore, yaani milioni 10, na kwa tarakimu huandikwa 1,00,00,000. Angalia mikato ilivyokaa: Mhindi huisoma tarakimu hiyo bila kusita, wakati Mtanzania atadhani mwandishi amekosea.

Sasa tuje kwetu Afrika. Mwaka 2007 yalianza mashindano ya vyuo vikuu, Celtel Africa Challenge, yakiongozwa na John Sibi-Okumu wa Kenya. Ukoo wake ni mwingine: yametokana na College Bowl ya Marekani, iliyozaa pia University Challenge ya Uingereza mwaka 1962. Katika ukoo huu hakuna mpweke gizani. Wanafunzi wanne hukaa meza moja, hunong'onezana, hubonyeza kengele. Uingereza hata walibuni picha inayoionyesha timu moja juu ya nyingine, ingawa studioni meza ziko sambamba. Lakini mdhamini, kampuni ya simu ya Celtel, alipogeuka Zain mwaka 2008, kipindi nacho kikabadili jina na nembo. Vyuo vilikuwa vyetu. Sura ilikuwa ya mdhamini.

Siku hizi hakuna haja ya kusubiri leseni ya mtu. Fainali ya shule zetu za Muleba na hapa Bukoba inaweza kurekodiwa kwa simu ya mwalimu na kutazamwa jioni hiyohiyo. Napendekeza tufuate meza ya timu, maana shule zetu husoma kwa makundi. Visanduku vya majibu viwe vipana, maandishi makubwa, maana watu watayasoma kwenye simu ndogo au wakiwa wamebanana kwenye kibanda umiza. Taa ziwafikie na watazamaji, kwa sababu mwanafunzi wa benchi la nyuma anayelijua jibu naye ni sehemu ya mchezo. Jina la shule liandikwe kubwa kuliko jina lingine lolote.

Na mdhamini? Tumshukuru kwa jina, mbele ya watu wote. Bango lake tulitundike mlangoni: kila aingiaye ataliona, na kamera itabaki na wanafunzi.