Kumtoa Mpangaji Ukiwa Mbali
Hotuba ya karani wa mgodi kwa wandugu wenye nyumba Lubumbashi



Wengi wetu kazi imetupeleka Kolwezi, nazo nyumba zetu tumeziacha Katuba, Kenya na Ruashi. Njia ni ya kilometa 300 hivi. Kodi haifiki mwezi wa kwanza, wa pili, wa nne. Ndipo mtu anashika simu na kumwambia mdogo wake: "Nenda, ng'oa mlango, ezua mabati." Maneno hayo ndiyo yamenisimamisha hapa.

Wazee wetu walikaa katika kambi za Union Minière. Nyumba ilikuwa ya kompani. Kazi ikiisha, na nyumba imekwisha. Leo sisi ndio wenye nyumba, nasi tumtupe mtu njiani pamoja na watoto wake? Tena mvua ya Januari haiulizi nani ana deni.

Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inataka ugomvi wa namna hii upelekwe kwanza kwa ofisi ya Habitat, wasuluhishe. Wakishindwa, wanaandika karatasi kwamba hamkupatana, na kwa karatasi hiyo unakwenda tribinali. Kumtoa mtu ni amri ya tribinali, si ya mdogo wako. Mwenye kung'oa mlango jana alikuwa mdai, leo ni mshitakiwa, na mpangaji asiyelipa anageuka mtu wa kuhurumiwa.

Lakini zamu haikupi ruhusa ya kusafiri. Basi andika karatasi ya kumpa mtu mmoja madaraka, mmoja tu, na mpangaji aone jina lake. Siyo shemeji apokee pesa, kaka agombe, jirani achungulie! Ndiyo maana mpangaji analipa kwa shemeji, kaka hana habari, nasi tunamwita mwizi.

Sasa garanti, na hapa wengine mtanikasirikia. Sheria hiyo hiyo imeiwekea mpaka: isipite kodi ya miezi 3. Wangapi kati yetu tumeomba miezi 6 ama zaidi? Pesa ile ni ya kurudishwa mtu anapotoka, kama hakuharibu nyumba. Wewe umekwisha kuila Kolwezi. Mpangaji anajua, naye anajibu: "Nipe garanti yangu, nihame kesho." Utasema nini mbele ya Habitat? Wengi hatushindwi na mpangaji, tunashindwa na pesa hiyo. Iweke pembeni tangu siku ya kwanza.

Akikubali kuhama, iandikwe pale Habitat: siku ya kutoka, deni litakalokatwa kwa garanti, na kinachobaki mkononi mwake. Mtu wako aangalie bili za SNEL na REGIDESO kabla mizigo haijafungwa, kwa maana mwenye kudai umeme anabisha hodi kwenye nyumba, hamfuati aliyehama.